Makaa ya Baba Zaina

Mama Zaina alikufa siku ya Jumanne, na mimi nilipopata habari nilishusha pumzi. Naliandika jambo hili lilivyo, bila kulipaka mafuta. Nilikuwa mezani kwangu Bujumbura nasahihisha mitihani ya wanafunzi wa mwaka wa tatu, simu ikalia, nikasoma ujumbe wa binti yake, aniitaye shangazi kwa Kifaransa: Tantine, Mama ametutoka asubuhi hii, tunamuzika leo baada ya alasiri. Kabla machozi hayajaja, kabla hata sijamwombea marehemu neno moja, kifua changu kililegea kama cha mtu aliyekoswakoswa na gari. Sasa sitalazimika kumwambia. Ndilo wazo lililonijia, mimi mwanamke mwenye wajukuu, mwalimu wa watu, mwimbaji wa kwaya ya parokia! Halafu aibu ikanishika, nikaweka kalamu chini, na kwa muda mrefu sikuweza kutia alama kwenye karatasi ya mtoto wa mtu.

Katika kumbukumbu hizi nimeshaandika habari za kambini kule ukimbizini, za shule, za ndoa yangu na za kuachika kwangu, na wote walionisomea rasimu wameniuliza swali lile lile: mbona mwaka wa Rumonge haumo? Nimewajibu kwamba haukuwa na jambo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimerudi kutoka Tanzania na digrii yangu ya kemia ndani ya faili la plastiki, nikapata kazi katika chumba kimoja karibu na ziwa, nikakaa mwaka, nikaondoka. Uongo mtupu. Kila nilichokuja kuwa baadaye kilitoka katika chumba kile, cheo hiki, nyumba hii, na huu ugonjwa wangu wa kugusa watu waliolala. Ndiyo, nina ugonjwa huo. Mjukuu wangu akipitiwa na usingizi mchana, mama yake akaja sebuleni akasema kwa sauti ya chini, “Amelala,” mimi nainuka, naenda kumwekea mkono kifuani. Wananicheka. Binti yangu husema, “Mama, acha mutoto apumzike, kwani unawanga?” Nami nacheka pamoja nao, kisha narudi kuketi.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya zamani ya mawese, nyuma ya soko la Rumonge. Sakafu ilikuwa imekunywa mafuta miaka na miaka, na hata tulipoisugua kwa mchanga na sabuni ilibaki nyekundu na yenye kuteleza; wiki ya kwanza nilianguka mara mbili, mara ya pili mbele ya wageni wa heshima. Ukuta mmoja ulikuwa wa matofali na mitatu ya mbao. Mezani palikuwa na mizani ndani ya sanduku la kioo, tuliyoifunika kwa kipande cha kitenge kama mtoto mchanga, na pembeni bombona, ule mtungi mrefu, la gesi ya naitrojeni limefungwa mnyororo lisianguke. Juu ya bati palikuwa na paneli ya jua. Bosi wetu, Dokta Melkiyori, alikuwa mtu mrefu na mpole aliyesoma Ulaya, akivaa soksi nene hata katika joto lile, na alikuwa ameahidiwa fedha za mradi wa mwaka mmoja kutoka huko alikosoma. Vita vilikuwa vinaisha, watu tulikuwa tunarudi makundi kwa makundi, na yeye aliamini, kwa imani ya mtoto wa komunyo ya kwanza, kwamba nchi inaweza kuanza upya kwa kuchoma maganda ya mchikichi.

Nieleze, maana bila hili hutaelewa lililotokea. Umeme wa jua unaweza kuyapasua maji yakawa gesi mbili. Moja ni hidrojeni, nyepesi kuliko vyote. Ukiiweka akiba, halafu ukaipitisha kwenye kijisanduku kiitwacho seli ya mafuta, inaungana tena na hewa, inakupa umeme na tone la maji safi. Dokta aliota friji ya chanjo ya zahanati moja kule Muhuta ikifanya kazi hivyo, bila jenereta, bila moshi. Taabu ilikuwa hiyo akiba. Hidrojeni haikai, inatorokea kwenye mipira, kwenye maungio, na ukitaka kuibana kwa nguvu unahitaji chuma kinene cha bei ya kutisha. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunatengeneza makaa yenye vitundu vya kipimo cha nano, vidogo kiasi kwamba ukivipanga maelfu upande kwa upande havifikii unene wa unywele mmoja. Kijiko kimoja cha makaa ya namna hiyo kina kuta za ndani ambazo ungeweza kuzitandaza juu ya kiwanja cha mpira. Gesi ikiingia inashikamana na kuta hizo, inatulia, na ukiyapasha makaa joto kidogo inatoka. Makaa mazuri hutokana na kitu kigumu chenye asili ya mti, na Rumonge hakuna kilichozagaa kama yale maganda magumu yanayobaki watu wakishapasua kokwa za mchikichi. Watoto walikuwa wakiyachezea barabarani.

Dokta alikuwa na vitabu, mimi nilikuwa na mizani. Aliyekuwa na moto ni Baba Zaina. Alikuwa fundi wa matanuri ya kukamulia mawese, mjukuu wa watu waliovuka kutoka Uvira zamani za Wabelgiji, mwislamu wa sala tano, na tangu ujana wake alichoma makaa na kuyauza. Mikono yake haikuwa na kinyweleo hata kimoja. Yeye ndiye aliyetujengea tanuru la matofali na kulichomekea bomba la chuma katikati, ambamo maganda yaliiva bila kuonja hewa. Siku nilipomweleza habari ya vitundu alinisikiliza hadi mwisho, ameshika kofia yake mkononi.

“Kwa hiyo iko matundu, lakini jicho haiwezi kuyaona.”

“Ndiyo, Baba Zaina.”

“Na mugeni mwenye ataingia mule, naye haonekani.”

“Haonekani, wala hana harufu.”

“Basi, Mwalimu, sema tu ukweli. Munajenga hoteli ya upepo.” Akavaa kofia yake. “Na akishaingia, mutamutoa namna gani?”

“Tunapasha joto kidogo, anatoka mwenyewe.”

“Anafukuzwa na joto! Sawasawa na kwangu. Miye bati yangu inafukuza wageni tangu saa ine.”

Tangu siku hiyo hata Dokta aliacha kusema maabara, alisema hoteli. Baba Zaina aliniita Mwalimu nikiwa nimefanya vizuri na Mutanzania nikiwa nimekosea. Kiswahili changu kilimfurahisha mno. Alisema nazungumza kama radio, na kwamba nikimwomba mtu maji atadhani nasoma taarifa ya habari. Mimi nami nilimcheka kwa iko zake. Kila kitu kwake kilikuwa iko: moto iko, maji iko, hata watu iko. Tulidhani tofauti ile ni ya kuchekea tu, basi.

Mchana mkewe alituletea chakula ndani ya bakuli la bati lililofungwa kwa kitambaa. Ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo iliyochemka na mawese mpaka ikawa nyeusi, ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na siku za Ijumaa samaki mukeke mzima mwenye pilipili. Mama Zaina alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, asiyeketi. Alisema mtu anayepima vitu visivyoonekana lazima ale vitu vinavyoonekana, akasimama pale pale mpaka nimalize, na Zaina, msichana wa miaka saba hivi, akanishikia kikombe. Nilikula chakula kile mwaka mzima na sijala tena kitu kilichonishibisha vile. Nimejaribu kupika sombe hiyo kwangu. Haitoki.

Ng'ambo ya ukuta wa mbao wanawake walikamua mawese na kupika sabuni, na kwa kuwa mbao zilikuwa na nyufa tulikuwa kama wa nyumba moja. Nakumbuka mazungumzo yao kuliko ninavyokumbuka mahubiri yote niliyowahi kusikia. “Hawa watu wanachoma maganda, wanaosha, wanapima, wanatia mu chupa, wanaandika,” alisema mmoja. “Na kuuza hawauzi.” Mwingine akajibu kwamba bila shaka ni dawa. “Dawa ya nini?” “Ya kukaa bila bwana. Angalia ule mudada.” Vicheko vikapasuka. Nikapiga ngumi ukutani, “Jamani, nawasikia!” Wakajibu wote kwa pamoja, “Tunajua!” Baba Zaina alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Ni kwa wanawake hao ndiko tulikopata bahati yetu. Ili vitundu vifunguke, makaa lazima yachanganywe na potasi kisha yachomwe mara ya pili; potasi inayala kutoka ndani. Kopo letu la kwanza kutoka Ulaya liliisha, na la pili lilichelewa miezi. Dokta alishinda dirishani akiangalia barabara. Baba Zaina aliniuliza hiyo potasi ni kitu gani hasa, nikamweleza. Akatoka, akarudi na ndoo ya maji ya majivu waliyokuwa wakipikia sabuni, majivu ya yale makole ya mchikichi yanayobaki chikichi zikishapukutishwa. “Hiyo yenu ni majivu ya wazungu,” alisema. “Hii ni ya kwetu.” Tulichemsha maji yale mpaka yakakauka, tukachanganya, tukachoma, na kesho yake tukayaosha makaa. Maji ya kwanza niliyamwaga mimi, tone kwa tone, nimevaa miwani, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Sikumweleza kwa nini. Aliniangalia akasema kwamba namwagilia makaa kama namnywesha mgonjwa, na tukaendelea.

Siku tulipoyajaribu tulinunua barafu kwa wauza samaki, tukalitumbukiza humo kopo lililojaa makaa yetu, maana gesi hupenda kukaa penye baridi, tukalijaza hidrojeni, kisha tukaliunganisha na ile seli ndogo na kifeni cha kuchezea. Kwanza tulijaribu kopo tupu. Feni ilizunguka kidogo ikasimama. Halafu kopo la makaa. Feni ilizunguka, ikazunguka, Dokta ameshika saa, barafu ikawa inayeyuka na kutiririkia miguuni kwetu, na feni bado. Si muda mrefu, msije mkadhani tuliwasha mji. Lakini iliupita muda wa kopo tupu, ikaupita tena. Dokta alivua miwani akalia. Baba Zaina aliweka uso wake mbele ya kile kifeni, akafumba macho, akaachia upepo umpige ndevu. “Mugeni anatoka,” akasema. “Lo! Mugeni anatoka.” Kama mtu angeniuliza leo furaha ni nini, ningemwonyesha uso ule, kama ningeweza kuuona bila ule mwingine uliokuja juu yake.

Kopo la potasi ya Ulaya lilifika hatimaye, na wakati ule ule ikaja habari kwamba kuna mgeni wa Dokta atasafiri Alhamisi, anaweza kubeba sampuli zetu zikapimwe kwa mashine ambazo hapa hatuna. Dokta alitaka sampuli za majivu ziende na moja ya potasi safi, ili zilinganishwe. Jumatatu asubuhi tukachoma. Potasi hiyo nilitia nyingi kuliko kawaida. Nilimwambia Baba Zaina kwamba hii ni kali, asiiguse kwa mkono, akaitikia. Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia habari yote: kwamba potasi kali katika moto mkali inaacha ndani ya makaa punje za madini zisizopatana na maji kabisa, zikikutana na maji zinayapasua, zinatoa hidrojeni na kuiwasha hapo hapo. Ile ile hidrojeni tuliyokuwa tunaibembeleza. Ndiyo maana bomba lilipaswa kupoa siku nzima limefungwa, na naitrojeni ikipita. Sikusema. Nilidhani maji ya kwanza nitayamwaga mimi siku zote.

Kufika mchana bombona la naitrojeni lilikuwa karibu kuisha, ikabidi niende Bujumbura kuchukua jingine, Dokta akiwa huko huko. Moto wa tanuru tulikuwa tumeuondoa. Gari lililokubali kunibeba lilikuwa linapiga honi nje, mimi natafuta kiatu changu kimoja chini ya meza, nakitukana. Baba Zaina alikuwa ameketi kwenye kigoda anakula muhogo wa kuchemsha.

“Mwalimu, mule ndani iko namna gani?”

“Imelala,” nikamwambia.

“Sawa. Enda na amani.”

Nikapata kiatu, nikaenda.

Niliporudi saa kumi wanawake wa sabuni walikuwa wamesimama barabarani. Mbao za ukuta wao zilikuwa zimelala chini. Ndani sakafu ile nyekundu ilikuwa nyeupe kwa povu la potasi iliyokutana na mafuta, bomba limefunguka, na ndoo imebonyea. Mama Zaina alikuwa ameketi mlangoni, yeye asiyeketi, ameshika ndala moja ya mumewe. Mmoja wa wanawake ndiye aliyenieleza. Baba Zaina alifungua bomba saa tisa. Alisema anataka Mutanzania akirudi akute kazi imekwisha, makaa yameoshwa, ili sampuli ziwahi Alhamisi. Akachota ndoo ya maji akamwaga, kama alivyomwagia makaa maisha yake yote. Ulitoka moto wa rangi ya zambarau, ukafuata mshindo, na ile potasi iliyochemka ikamrukia usoni na kifuani.

Aliishi siku tatu. Hospitalini walimfunga macho na mikono, na nilipoingia siku ya pili alinitambua kwa hatua. Mama Zaina alikuwa ametoka kutafuta uji. Tulikuwa wawili tu. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ya kawaida, sauti ya mtu anayeuliza kazini.

“Mwalimu. Si ulisema imelala?”

Nilimnyoosha shuka miguuni.

“Miye nilisikia imelala. Ama nilisikia mubaya?”

Kambini nilikokulia, mama zetu walifukia makaa ndani ya majivu wakasema moto umelala. Maana yake usiguse, uko hai humo chini, kesho utauamsha. Ndicho nilichomwambia. Rumonge, kwenye matanuri ya mawese, moto uliolala ni moto uliokufa. Unafungua, unamwaga maji, unaenda zako nyumbani. Ndicho alichosikia. Mwaka mzima tulicheka Viswahili vyetu viwili, na neno hilo moja hatukuwahi kukutana nalo. Alikuwa ananiuliza kwa haki kabisa, bila hasira, fundi anayetaka kujua alikosea wapi. Nilichopaswa kusema ni kifupi: hukusikia vibaya. Nikamwambia, “Pumzika, Baba Zaina.” Akasema asante kwa Kirundi, “Murakoze,” akageuza uso ukutani. Mama Zaina akaingia na uji.

Baada ya mazishi Dokta alikuja na karatasi za Kifaransa za wenye fedha. Alikuwa amekonda, soksi zimeteremka. Aliniuliza, kalamu mkononi, fundi alipewa maagizo gani. Nikasema: “Nilimwambia asiguse.” Aliandika. Msinitafutie udhuru, nimejitafutia mwenyewe na sikuupata. Nilikuwa mgeni katika nchi yangu, niliogopa kufukuzwa, niliogopa polisi, nilikuwa kijana. Yote kweli, na hakuna hata moja lililonilazimisha. Dokta alinishika bega akasema si kosa langu. Wiki ile wanawake walirudishia mbao zao, nikawasikia kupitia nyufa zile zile, safari hii kwa sauti ya chini. “Alikatazwa, lakini alikuwa mubishi.” “Hakusoma, maskini.” “Mutu unakatazwa maji, unamwaga maji!” Sikupiga ngumi ukutani.

Majibu ya sampuli yalikuja baada ya miezi, na yaliyoshinda ni makaa ya maji ya majivu. Vitundu vyake vililingana, tena vilikuwa vingi, wale wazungu hawakuamini kwamba vimetoka kwenye ndoo ya sabuni. Tuliandika makala, jina la Dokta na langu. Kwa makala hiyo nikapata nafasi ya kusoma ng'ambo, nikapata udaktari, nikarudi kufundisha. Dokta Melkiyori amekufa zamani; alikufa akiamini nilichomwambia. Friji ya Muhuta haikuwaka kwa njia yetu. Makaa yetu yalihitaji baridi kuliko barafu ya wauza samaki, na mpaka leo wenye akili kuliko mimi wanahangaika na jambo hilo hilo.

Na kila mwaka, mavuno ya chikichi yakiisha, Mama Zaina alinitumia kwa gari dumu, bidoni wanavyoliita, la mawese mapya. Mara ya kwanza ilikuja na kikaratasi cha mwandiko wa Zaina: Mama anasema mutusamehe kwa kazi yenu ile Baba aliiharibu. Nikajibu kwa maandishi, Tulishasamehe. Tulishasamehe! Mimi! Niliandika nikakunja karatasi nikampa dereva. Na akaendelea, mwaka baada ya mwaka, bidoni na maneno hayo, kama ibada. Mafuta yake sikuweza kuyala na sikuweza kuyamwaga. Niliwapa majirani, nao wakanishukuru. Mara nne nilifunga safari ya kwenda kumwambia. Mara tatu niliishia Muhuta, katikati ya njia, nikarudi. Mara ya nne nilifika, akanipikia, akasimama mpaka nimalize, na nikarudi Bujumbura na neno langu mdomoni.

Safari ya tano ndiyo hii ya matanga. Nilishuka sokoni Rumonge Jumatano asubuhi, na kwa kuwa walikuwa wamehama nikamwuliza kijana wa pikipiki kama anaijua nyumba yenye msiba, nyumba ya Mama Zaina. Akafikiri. “Aah, kwa Mwaga-Maji! Panda, Mama.” Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwuliza kwa nini wanaitwa hivyo. Akasema hajui, ndivyo inavyoitwa tangu yeye mtoto. “Nadhani iko hadithi ya muzee mmoja mujinga aliyezima moto akajiunguza.” Alisema bila ubaya wowote. Nilimshika kiuno nisianguke.

Wanaume walikuwa uani chini ya turubai, kisomo kimekwisha, wanasubiri chai. Wanawake walikuwa ndani kwenye mikeka. Zaina sasa ni mama wa watoto watatu, mfupi, mwepesi wa miguu, na aliponiona alilia begani kwangu, kisha akanivuta chumba cha marehemu, kitanda kimeshaondolewa godoro. Tuliketi juu ya mbao.

“Tantine, Mama aliniachia neno yako,” alisema. “Siku ya mwisho. Alisema, Tantine akikuja, umuombe tena amusamehe Baba. Mara moja ya mwisho, ili wote wawili walale vizuri.” Akanishika mikono. “Basi namuombea. Tafadhali.”

Nikamwambia. Nilianza na kiatu na honi, akanitazama bila kuelewa, ikabidi nirudi nyuma nianze na neno. Nilimweleza kambini linamaanisha nini na hapa linamaanisha nini. Nilimweleza baba yake aliniuliza nini hospitalini, na nilimjibu nini. Nilimweleza nilichomwambia Dokta.

“Imelala,” alisema Zaina. “Weye ndiye ulisema imelala.”

“Ndiyo.”

“Na mu karatasi ulisema ulimukataza.”

“Ndiyo, Zaina.”

“Shuleni walikuwa wananiimbia,” alisema. “Mwaga-Maji, Mwaga-Maji. Nilimuuliza Mama, Baba alikuwa mujinga? Akaniambia, hapana, lakini usiseme, watu wa labo walimukataza na hakusikia, tunyamaze.” Alikuwa ameachia mikono yangu. “Alinyamaza maisha yake yote. Na wewe kila mwaka ulipokea mafuta.”

“Nilipokea.”

“Tantine, Mama tumemuzika jana.”

Nilijaribu kuomba msamaha akainua kiganja. Hakupiga kelele. Alisimama, akajifunga kanga upya, akasema kwamba yeye hana jibu la kunipa, kwa maana jina lile si lake peke yake. Akanishika kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu, tukapita katikati ya wanawake hadi mlango wa uani.

“Wazee wangu, muniwie radhi,” alisema. “Musiondoke kwanza. Tantine iko na neno juu ya baba yangu.”

Vikombe vikatua. Nyuso zote zikageuka, wazee niliowafahamu wakiwa na nywele nyeusi, na vijana wengi nisiowajua, na yule wa pikipiki kwenye ngazi. Karibu na mlango mtu mmoja alimwinamia mwenzake akauliza polepole, “Baba yake nani?” Na mwenzake akamjibu, “Mwaga-Maji.” Zaina alisikia. Mkono wake haukuniachia.

“Anaitwa Saidi Kitumaini,” nikasema, na sauti yangu ikafika hadi ukutani. “Hakukosea.”